Cheti cha Jumamosi

Nilipokuwa kidato cha tano, kila Jumamosi wenzangu walipolala mimi nilikwenda kusoma uhasibu kwenye kituo kimoja pale Mafiga. Ndiyo kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua vituo vya mafunzo, navyo vilizuka kama vibanda vya chipsi. Cheti chao kilikubaliwa na chuo cha uhasibu: ukiwa nacho unasamehewa masomo ya mwaka wa kwanza, unaanzia wa pili. Kwangu huo ulikuwa mwaka mmoja ambao mama asingeshuka mlima na tenga la karoti kichwani ili mimi nisome. Sikuwa na sababu nyingine.

Nilifaulu. Cheti nikampa mama atunze.

Kwetu Uluguru ukungu huingia ndani mchana mweupe, na moshi wa jikoni haubagui kitu. Cheti changu cha ubatizo kiliota kuvu hadi jina halisomeki, na mama hakusahau. Siku ya soko akashuka na hiki kipya mjini, kwenye duka la fotokopi, akakitia leminesheni. Kikarudi kigumu, kinang'aa, plastiki pande zote mbili.

"Sasa hata mvua inyeshe," akasema.

Chuoni karani alikigeuza, akakigonga kwa kucha.

"Binti, masomo uliyosamehewa tunayaandika hapa nyuma, kisha tunapiga mhuri. Nipige kwenye plastiki? Kalete kingine."

Nilipofika kituoni nilikuta duka la redio. Mwenye kituo alishahama, hakuna aliyejua wapi. Nikachukua wembe, nikabandua plastiki. Jina langu na alama zangu vikatoka nayo.

Nikaanza mwaka wa kwanza pamoja na wale waliokuwa wakilala. Nilimchukia karani, nikamchukia mwenye kituo aliyeondoka na Jumamosi zangu. Na mama, Mungu anisamehe, nilimchukia kuliko wote. Nilimwambia tu kwamba chuo kimebadili utaratibu. Akaguna, akajitwisha tenga.

Mwaka wangu wa tatu chuoni, ule ambao usingekuwepo kama ningeanzia wa pili, mama aliteleza mteremkoni na mzigo wake. Goti halikupona.

Nilipompelekea stashahada, alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuishika. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Mwanangu, hii mbona hujaipeleka kwenye mashine?"

Nikamjibu nitaipeleka kesho. Alitaka kunisindikiza hadi njiani, lakini hakuweza kuinuka.