Mashine ya Moshi Tuliyoilaza Chumbani

Nakumbuka siku moja, Jumanne ya manyunyu hapa milima ya Nunguni, nilipopiga kiti teke ndani ya ukumbi wa kanisa mbele ya daktari, chifu na akina mama wote wenye watoto wachanga. Sikukusudia kupiga kiti. Nilitaka kusimama tu, mguu ukatangulia.

Daktari wa utafiti alikuwa ametoka kusema, "Tunawashukuru sana. Majiko ya kijiji hiki yameonyesha hewa safi. Kwa hivyo watoto wenu hawatahitaji kuendelea kufuatiliwa mapafu. Tutaenda vijiji vyenye moshi."

Akina mama wakapiga makofi. Mama Kioko, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alipiga kuliko wote. Nawe, Mwende, ulikuwa mgongoni mwangu ukipumua kwa mluzi, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Hiyo si hewa ya jikoni kwangu," nikasema. "Hiyo ni hewa ya chumba cha kulala."

Mwanangu, najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sijafika hata thelathini. Lakini mzee aliyetaka kunionya nilimfunga mdomo mwenyewe. Sasa lazima niseme yake na yangu.

Ulizaliwa mdogo, mwezi ule wa baridi ambao ukungu hapa hautoki hadi saa nne. Huku mama aliyejifungua hukaa jikoni na mtoto wake, kando ya mafiga, ili mtoto asishikwe na baridi. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo na baba yako alivyolelewa. Nilikulaza kwenye kikapu karibu na moto, na juu yako chungu cha muthokoi kikitokota tangu asubuhi. Unajua muthokoi hauna haraka. Mahindi yale yaliyotwangwa yakatolewa maganda yanataka kuni mbichi na kavu, na moshi wake unayatafuna macho hadi yatoe machozi. Hiyo ndiyo hewa yako ya kwanza duniani, mwanangu. Sikuitafuta kwa ubaya.

Kwenye kliniki nikaambiwa kuna utafiti wa mapafu ya watoto wachanga. Walikulaza, wakakuvalisha kinyago kidogo puani ukiwa usingizini, wakasoma pumzi zako kwenye skrini. Wakaniomba ruhusa ya kutundika kimashine jikoni kwangu siku mbili, kipime moshi. Nikapewa fomu ya kurasa nne. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyewasomea wenzangu barua zao za shule, nikaweka sahihi bila kufungua ukurasa wa pili. Nilikuwa na haraka ya nini, hata sijui.

Kabla ya siku yenyewe Mama Kioko akapita nyumba kwa nyumba.

"Wageni wanakuja kesho. Msituaibishe. Wakikuta moshi wataenda kusema huku ni watu wachafu."

"Sasa tupike wapi?" nikamuuliza.

"Kwani hujui kukopa meko ya gesi? Umesoma bure wewe."

Binti wa mradi akaja, mpole, akatundika kimashine cheupe ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyeketi. Ukuta wenyewe ni mweusi kama tako la sufuria. Aliuona. Akaandika kitu, akaenda. Hata hajafika barabarani, nikakitungua, nikakipangusa kwa kitenge, nikakipeleka chumbani juu ya kabati. Siku hizo mbili tulikunywa chai na kula wali kwa gesi ya kukopa. Hakuna nyumba iliyopika muthokoi kijiji kizima. Ungedhani ni mfungo.

Nyanya yako, Susu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake jikoni, akikohoa kile kikohozi chake cha miaka yote. Akanitazama nikipita na kimashine mkononi.

"Hicho kitu kimekuja kupima nini?" akaniuliza.

"Moshi, Susu."

"Na huko chumbani kuna moshi?"

Nikacheka. Susu hakucheka. Akasema, "Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, sasa unamfichia nani? Mimi kifua hiki nilikifichia wageni hadi kikawa hivi."

Nikamjibu, na maneno haya yananiuma mpaka leo: "Susu, haya ni mambo ya watu waliosoma."

Akainuka na kigoda chake, akatoka nje. Mzee akinyamazishwa na mtoto, nyumba hubaki bila mlango.

Wiki ya pili baada ya hapo ukaanza kupumua mbio mbio. Mbavu zikawa zinaingia ndani kila ukivuta hewa, titi ukalikataa. Tulikukimbiza hospitali ukiwa na rangi ya jivu. Ukawekwa oksijeni. Daktari wa wodi akaniuliza swali moja tu la maana: "Mama, mnapikia nini?"

Nikasema gesi.

Naam. Mtoto wangu ana mpira wa oksijeni puani na mimi bado nalinda jina la jikoni kwangu. Ukipata siku ya kunikasirikia, mwanangu, anzia hapo. Sitakataza.

Ulipona, lakini mluzi ule haukuisha. Tegemeo langu likawa ule utafiti, kwamba kila mwezi watakupima, wakiona kifua kinabana watajua mapema. Ndipo ile Jumanne wakatuambia hewa yetu ni safi, kwaherini. Basi sasa unaelewa habari ya kiti.

"Mama Mwende, keti," Mama Kioko akaniambia pale ukumbini. "Uchungu wa kuzaa haujakutoka."

"Umetoka. Huu ni mwingine."

Nyuma, mama mmoja akasema polepole, "Hata mashine yangu ilikuwa chini ya kitanda." Mwingine akasema yake alimpelekea shemeji dukani. Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu kila aliyecheka alikuwa na mtoto mapajani.

Daktari akauliza, "Lakini mbona hamkusema?"

"Mbona hamkuuliza?" nikamjibu. "Mlimwambia Mama Kioko siku mnayokuja, naye akatuambia tuwafagilie. Binti yenu aliona ukuta wangu ulivyo. Ukuta mweusi, mashine inasema safi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeshangaa?"

Daktari akakunja karatasi zake. Akasema ripoti imeshapelekwa juu, labda niandike malalamiko. Nadhani alidhani nitachoka.

Nilirudi nyumbani nikaifungua ile fomu. Ukurasa wa nne, chini kabisa, imeandikwa kwa Kiswahili safi pa kupeleka malalamiko. Maelezo hayo yalikuwa hapo siku zote. Nilimsomea Susu kila neno, nikamwomba msamaha. Akasema, "Andika kabla hujapoa."

Mwanangu, haya ndiyo ya kushika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona akimficha mgeni kidonda. Daktari, sista, mpimaji, hao usiwapikie chakula cha wageni. Waonyeshe masizi. Karatasi yoyote isome hadi mwisho kabla ya kalamu. Na mzee akikuuliza swali linaloonekana la kijinga, ukae chini ulijibu. Mungu akupe kifua kipana, pumzi ndefu, na mdomo usiojua kuona haya panapohusu uhai. Uje ukohoe kwa uzee tu.

Barua niliipeleka mwenyewe kwa ofisi ya mradi pale zahanati. Karani akaisoma, akakuna kichwa.

"Mama, malalamiko ni ya mtu aliyekosewa. Hapa wewe ndiye umekosea."

"Nimekosea na nimekosewa. Kwani hiyo faili yenu ina nafasi ya moja tu?"

Akagonga muhuri. Nakala nimeibandika nyuma ya kitabu chako cha kliniki, nayo inasema hivi:

Kwa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU VIPIMO VYA MOSHI KIJIJINI KWETU

Mimi ni mama wa mtoto aliye katika utafiti wenu. Ninamlalamikia kwanza mama huyo, yaani mimi, kwa kuhamisha mashine kutoka jikoni hadi chumbani na kumdanganya daktari wa wodi.

Pili ninaulalamikia mradi wenu, kwa kutangaza siku ya kupima, kwa kuona kuta nyeusi na kukubali vipimo vyeupe, na kwa kuwaondoa watoto wetu bila kurudi kuuliza.

Ninaomba ripoti hiyo isitumike na watoto warudishwe kwenye kupimwa kila mwezi. Akina mama wengine wametia sahihi nyuma ya barua hii. Susu wa mtoto ametia dole gumba.

Njooni mpime tena, na msituambie siku. Tutakuwa tunapika muthokoi.