Ukuta Uliolishwa Chumvi

Kama hujamwona Alvin Marek akimtazama fahali, hujaona mtu anayejipenda. Hufumba jicho moja, hutema mate pembeni, hutaja uzito. Kisha fahali hupandishwa kwenye mizani ya mnada wa Radany, na sindano ikipingana na Alvin, anayegombezwa ni sindano. Ndiyo kazi yake, kupima ng'ombe, kama ilivyokuwa kazi ya baba yake, na hapa kwetu Texas mtu mwenye kazi ya baba yake hahitaji akili ya ziada.

Baba yake alimwachia na kiti. Kiti chenyewe ni mali ya mkahawa wa Bibi Chayo Arriaga, lakini nenda kamwambie Alvin hivyo uone. Kiko kwenye meza kubwa ya duara, kinatazama mlango, na anayekikalia ndiye husema neno la mwisho kuhusu mvua, nyasi, mchungaji mpya, na juu ya yote hayo, mpira. Sisi wengine tumeachiwa maneno ya mwanzo na ya katikati. Bibi Chayo ametupikia mayai tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na hajawahi kukaa kwenye meza ile hata mara moja. Angekaa, kahawa ingeletwa na nani?

Mwaka ninaousema, vijana wa shule yetu walifika raundi ya tatu ya mtoano, jambo ambalo mji haukuwa umeliona tangu enzi zangu. Enzi zangu, nisijisifu bure, nilicheza ukutani upande wa kushoto, na yuko mtu mmoja wa wilaya ya jirani ambaye mpaka leo akiniona huvuka barabara. Shule niliiacha mapema, lakini ukuta haujanitoka. Na kwa ninyi mliolelewa na mpira wa miguu: ukuta ni vijana watano wakubwa wanaoinama mbele na kusukuma watu, ili mkimbiaji apite na mpira kifuani. Mkimbiaji hupigwa picha. Ukuta hupigwa tu.

Basi tulipangiwa kucheza na Harlan Springs, Jumamosi mchana, baada ya Sikukuu ya Shukrani. Ulinzi wao ulikuwa na kijana wa katikati, Dutch Lambeth, mpana kiasi kwamba dereva wa basi lao humkalisha katikati ili gari lisilale upande. Swali likawa moja mji mzima: nani atumwe kupita kwa Lambeth? Tulikuwa na wakimbiaji wawili. Wa kwanza Colton Vrana, mtoto wa dada yake Alvin, kifua kama jokofu, anayekimbia ameinamisha kichwa kama anatafuta kitufe kilichodondoka. Wa pili Beto Arriaga, mjukuu wa Bibi Chayo, mwembamba, ambaye akipewa mpira husimama kwanza nyuma ya ukuta, anachungulia, anangoja, halafu ghafla humwoni.

"Anasimama!" Alvin alifoka Jumanne asubuhi, kahawa ikimwagika. "Mkimbiaji gani anasimama? Yuko kwenye foleni ya posta?"

"Anangoja mlango ufunguke," nikamwambia. "Mimi nilikuwa ukutani, najua. Mlango haufunguki kwa kupigiwa kelele."

"Leon, wewe ulikuwa ukutani wakati mpira ulikuwa bado wa mbao. Mbele ya Lambeth hakuna mlango. Kuna nyama. Na nyama husukumwa na nyama. Ukuta mzito, mkimbiaji mzito, kwisha. Yule mdogo atakanyagwa tumrudishe kwenye bahasha."

Hapo Bibi Chayo alikuwa amesimama nyuma yake na birika la kahawa. Hakuimimina.

"Yule mdogo ana jina, Alvin."

"Bibi Chayo, sikukuona."

"Najua. Miaka yote hunioni." Akaliweka birika mezani. "Sasa niambie. Beto akipewa mpira tukashinda, utasemaje?"

Mtu mwenye busara angeomba chumvi, angeuliza hali ya hewa. Alvin alikuwa mbele ya watu wake, kwenye kiti cha baba yake. Akajipiga kifua.

"Kocha akimwanzisha Beto, tukashinda, kiti hiki ukikalie wewe. Na kahawa nitakumiminia mimi."

Nilimwona Elroy, muuza mbegu, akivua kofia kama yuko msibani. Bibi Chayo alichukua birika lake, akamimina vikombe vyote isipokuwa cha Alvin, akarudi jikoni akiimba.

Mchana huohuo Kocha Tansill akaja kula. Kocha hula nasi kila Jumanne. Hapendi, lakini kocha asiyekula nasi, ikifika mwezi wa tatu huonekana anafunga vitanda kwenye pikapu. Alvin akamkatia kipande cha pai kwa mkono wake mwenyewe.

"Kocha wangu, ni Colton, siyo?"

"Sijaamua, Bwana Marek."

"Utaamua lini?"

"Nikishauona ukuta wangu Ijumaa. Ukiwa na uzito wa kupambana na Lambeth, tutapiga katikati na Colton. Ukiwa mwepesi, itabidi tumtumie Beto atafute upenyo."

Alvin akatabasamu. Nikamjua. Mtu anayetabasamu vile ameshauza kitu ambacho si chake.

Lazima mwelewe desturi yetu. Siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani, kama timu bado iko hai, ukuta hupimwa mnadani. Vijana wote watano huingizwa kwenye zizi la mizani, lango linafungwa nyuma yao, na mji mzima huketi kwenye viti vya wanunuzi. Mpiga mnada huwatangaza kwa ule ulimi wake wa cherehani. Akina baba hukisia uzito, akina mama hulia, na mchungaji huombea viuno na magoti. Wageni wakituona hudhani tunauza watoto. Tungepata mnunuzi wa wale wawili wa kulia, wala wasingekuwa wamekosea sana.

Na mwelewe pia ujanja wa wauza ng'ombe. Mwizi wa mizani humlambisha ng'ombe wake chumvi, kisha siku ya mnada humwachia hori la maji. Ng'ombe hupanda mizani akiwa amebeba kisima. Hakuna mtu Radany anayekamata ujanja huo kama Alvin Marek. Amewafukuza watu mnadani kwa ajili yake, tena kwa mahubiri yenye machozi.

Ijumaa alfajiri akafika na pikapu imejaa soseji za kutoka kwenye banda lake la moshi. "Zawadi kwa ukuta wetu!" Vijana wakazivamia, pamoja na kolache za mama zao, vile vimikate vyenye jamu ya plamu katikati. Mimi nilikula soseji mbili, kwa kuonja tu. Ulimi wangu ukawa kandambili. Zile hazikuwa soseji, ilikuwa chumvi iliyovishwa utumbo. Na pembeni, kwa bahati iliyoje, palikuwa na pipa la maji baridi na vikombe vikubwa.

Vijana wakanywa. Schiller, wa upande wa kushoto, pale pale nilipocheza mimi, alikunywa ameshika pipa kwa mikono miwili.

Lango likafungwa, sindano ikapanda. Ikapanda tena. Mpiga mnada alipotaja ratili, watu walisimama kwenye viti. Ilikuwa zaidi ya ukuta wowote uliowahi kuingia zizi lile, ukiwemo ule wangu, jambo lililoniuma. Alvin alifumba jicho moja, akatema mate, akatangaza: "Nilijua!"

Kocha akaitazama sindano, akauchezea mkufu wa filimbi yake. "Basi," akasema. "Colton ataanza."

Kutoka upande wa pili wa zizi Bibi Chayo alikuwa akiwatazama vijana wakirudi kwenye pipa. Mwanamke aliyepika maisha yake yote anajua kutofautisha kiu ya jua na kiu ya chumvi. Akaokota kipande cha soseji kilichobaki, akakinusa, akakifunga kwenye leso.

Jumamosi mchana tukajaza uwanja. Alvin alikaa mstari wa mbele na kengele ya ng'ombe mkononi. Sasa sikilizeni, maana hapa nazungumza kama mtaalamu: ukuta mzuri hutoka pamoja, kama mlango wa gari. Wetu ulitoka kama kabati linaloshushwa ngazi. Vijana walikuwa wamekunywa maji Ijumaa kutwa na Jumamosi asubuhi, nyuso zimevimba, viatu vinabana, na kila tukipoteza mpira wawili walikimbilia choo kabla ya benchi. Lambeth alikuwa ameshafika kwao kabla hawajainua mkono.

Na Colton, maskini, alifanya alichofundishwa. Alipokea mpira, akainamisha kichwa, akaja mbio, akaugonga mgongo wa Schiller. Mtu wetu wenyewe! Mara ya pili, mgongo wa Schiller. Mara ya tatu Schiller aligeuka akamwuliza, nikasikia kutoka jukwaani, "Kwani nimekukosea nini?"

"Sukumeni!" Alvin alipiga kengele. "Nyama kwa nyama!"

"Nyama yako imejaa maji," nikamwambia. Akajifanya hasikii.

Tukaenda mapumziko tumefungwa mara mbili, sisi hatujafunga hata moja. Tulikuja kusikia baadaye kwamba Kocha alimwuliza Schiller ana nini, na Schiller, akiwa na kikombe kinywani, akasema, "Kiu, Kocha. Tangu zile soseji za mzee Alvin." Kocha Tansill amekulia kwenye ranchi. Alitoka chumbani akapandisha macho jukwaani, akamtafuta mtu mmoja tu, na kengele ya Alvin ikanyamaza.

Kipindi cha pili alitoka Beto.

Ukuta ulikuwa uleule, mzito uleule, unachelewa vilevile. Lakini Beto hakuwa na haraka. Alipokea mpira, akasimama kwenye ile foleni yake ya posta. Schiller akajikokota, akamfikia Lambeth, akamwegemea na maji yake yote. Pakafunguka ufa wa kupita paka. Paka akapita. Tena. Na tena. Kwa mkimbiaji anayengoja, ukuta unaochelewa si ugonjwa. Lambeth alikuwa akikumbatia hewa mpaka akaanza kuhema. Tulishinda kwa kufunga mara ya tatu dakika za mwisho, na Bibi Chayo alikuwa amesimama juu ya kiti cha watu akipiga mluzi wa vidole viwili.

Jumatatu Alvin aliwahi mkahawani kuliko wote. Tulimkuta amekaa kitini kwake, mikono imefungwa.

"Kabla hamjasema," akasema, "nilisema *akimwanzisha* Beto. Aliyeanza ni Colton. Mji mzima uliona."

Elroy akakuna kidevu. "Hapo ana haki."

"Haki ya mwizi wa mizani," nikasema.

"Leon, umeniita nani?"

Bibi Chayo akatokea jikoni. Akamwekea Alvin sahani: mayai, mkate, na soseji mbili nene.

"Zako," akasema kwa upole. "Nilitengeneza kwa kuifuata ladha ya zile za Ijumaa. Kula, Alvin."

Alvin akazitazama soseji. Sisi tukamtazama Alvin. Angezikataa, angekuwa ameungama mbele ya meza yote, yeye aliyewafukuza watu mnadani na kuwahubiria. Akakata, akatafuna. Jicho moja likafumba lenyewe. Akakata tena. Bibi Chayo alisubiri, birika tupu mkononi, kama mjukuu wake nyuma ya ukuta.

"Maji," Alvin akasema.

"Yako jikoni, baba. Unajua njia?"

"Chayo, tafadhali."

"Miguu yangu inauma leo. Nenda tu."

Alimeza mate, hayakuwepo. Alivumilia kwa muda wa heshima, kisha akainuka mbio kuelekea jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa mpaka mwisho. Aliporudi, kidevu kinadondosha maji, Bibi Chayo alikuwa amekaa kitini, mgongo umenyooka, anatazama mlango.

Hakuna aliyecheka. Nilijaribu, Elroy akanikanyaga mguu.

Alvin akanyoosha mkono, akachukua birika, akarudi nalo jikoni, akaja nalo limejaa. Akammiminia. Hakumwaga hata tone.

"Haya," Elroy akasema kwa sauti ya kanisani. "Bibi Chayo, wiki ijayo ni Pell Creek. Ulinzi wao mwembamba, una mbio. Nani aanze?"

Bibi Chayo alikunywa kwanza. "Colton," akasema. "Wembamba hupitiwa juu. Ila ukuta ulishwe uji, na maji kiasi."

"Ndivyo nilivyosema mimi!" Alvin akaruka. "Tangu mwanzo nilisema Colton!"

"Ulisema," Bibi Chayo akamjibu, akisogeza kikombe. "Ongeza kidogo, na usijaze mpaka juu."