Siku Baba Alipoanguka kwa Makusudi

Harufu ya petroli hunirudisha Rumonge, kwenye banda ambamo baba alitengeneza pikipiki ya bwana Mdachi, Mjerumani wa boma. Siku moja bwana alifika na askari wake, amekunja uso.

"Fundi, nasikia unaipanda."

"Hapana, bwana. Kazi yangu kukaza nati."

"Haya, panda nione."

Angejulikana anajua kuiendesha, vingemhusu hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Wadachi. Baba akapanda, akayumba, akaanguka chali. Askari wakacheka: "Wewe fundi, hata mtumbwi utakutupa majini!"

Jana yake tu nilikuwa nimemshika kiuno juu ya pikipiki hiyohiyo, tukipaa njia ya Magara. Baba, angali chini, akanikazia macho ya shaka. Nilikuwa nimemnong'oneza mtu mmoja tu, mtoto wa askari, naye aliapa hatamwambia mtu.