Muhuri wa Lubumbashi

Juzi nilipanga foleni Lubumbashi, nikitafuta muhuri wa nyumba tunayokaa Likasi. Kupitia dirisha la ofisi niliona maghorofa mapya na roho ikaniuma, maana kwetu hata rangi za kuta zimekwisha. Sisi tulikuwa na viwanda, rafiki yangu, lakini makao makuu ya jimbo yalikuwa Lubumbashi. Kila karatasi yenye nguvu ilitoka huko, na mji wenye muhuri ndio ulionenepa.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa kampuni ya migodi ilipoanguka. Asubuhi zetu zilianza na kinu katika ua tulioshiriki na jirani: bibi na mama jirani, michi miwili kinu kimoja, wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa zamu. Mama jirani na mumewe walikuwa watu wa Kasai, jimbo jingine. Sombe yake aliitia karanga, na niliipenda kuliko yetu.

Kisha wakubwa wa jimbo wakaanza kusema watu wa Kasai warudi kwao. Fundi viatu mmoja wa Kasai alipigwa nondo mbele ya shule, na kesho yake tuliiruka damu yake kuingia darasani. Baba jirani akapanda treni kwenda Lubumbashi kuomba karatasi inayosema nyumba ni yake. Aliamini muhuri wa huko utazuia mawe waliyokuwa wakirushiwa. Sote tuliamini.

Siku ya tatu akarudi, akakuta vijana wa mtaa wameshajaa uani. Akawaonyesha karatasi.

"Baba, hii ni ya Lubumbashi," mmoja alimwambia kwa upole. "Huku ni Likasi."

Kijana huyo akaokota mchi wa bibi, akampiga nao baba jirani kichwani mpaka akakata roho. Nilikuwa mlangoni, nikaona kila kitu.

Mama jirani aliwakokota watoto wake kwenda stesheni, hata viatu hawakuvaa. Alimshika bibi mkono.

"Mama, munichungie nyumba. Tutarudia."

Bibi akaitika, na tukahamia humo ili tuichunge. Hatukusikia habari zao tena. Bibi alitwanga peke yake mpaka alipokufa, na sombe yenye karanga sijaila tangu wakati ule.

Juzi, zamu yangu ilipofika, karani aliniuliza, "Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa nani?"

Karatasi ya baba jirani, yenye damu yake, ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

"Bibi yangu," nikasema, naye akapiga muhuri.