Kipande cha Mpira cha Fundi Bomba

Kwenye sanduku la vifaa la mzee fundi bomba, chini ya spana na msumeno wa chuma, kuna kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kiganja. Hakiungi kitu. Mkewe alishajaribu kukitupa mara tatu, na mara zote tatu mzee alikifuata pipani.

Kisa chake ni cha zamani, binti yao alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama uzi. Utumbo wake ulikuwa unavimba kwa ugonjwa usiopona ila unatulizwa na dawa. Tumbo lilimkata, choo kilitoka na damu, na dawa zenyewe zikamjaza mashavu hadi darasani wakamwita Puto.

Baba mtu alimpeleka kliniki kila mwezi, sanduku mkononi. Wenzake wakisubiri kuitwa, yeye alikaza koki za sinki za watu bila kuombwa.

Siku moja daktari akasema uvimbe wa muda mrefu tumboni unaweza kugusa hata mishipa ya damu, mtoto au si mtoto, akataka ipimwe. Dada wa mashine akamlaza binti, akaweka kipimo shingoni kisha pajani, aone mpigo wa moyo unasafiri kwa kasi gani.

"Vipi, dada?" fundi akauliza.

"Majibu kamili atakupa daktari, mzee. Ila mishipa yake ni migumu kidogo kuliko ya watoto wenzake, na mpigo unapita haraka."

Migumu. Haraka. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kulaani mabomba laini angetaka nini tena? Hakumsubiri daktari. Njia nzima alimtangazia kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza, kwamba bintiye ana mabomba ya chuma na presha ya kupandisha maji ghorofa ya kumi.

Wiki tatu baadaye mama mtu akakung'uta kiatu cha shule, vidonge vikamwagika sakafuni.

"Baba si alisema mimi chuma?" binti akajitetea. "Chuma kinameza vidonge?"

Na damu ilikuwa imesharudi.

Daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza fundi mpaka mwisho. Hakucheka, wema ambao fundi anaukumbuka hadi leo.

"Fundi, ukifunga koki ghafla, bomba gani linagonga ukutani?"

"La chuma. Linagonga mpaka viungo vinalegea."

"Na mpira?"

Fundi akafungua sanduku. Akatoa kipande cha mpira, akakibinya. "Mpira unajitanua kidogo," akasema polepole. "Unapokea kishindo."

"Basi mshipa mzuri uko hivyo. Ukikakamaa, kishindo chote kinarudi kwa moyo. Tukilituliza tumbo sasa, tuna nafasi nzuri ya kuusaidia."

Nyumbani akamkalisha binti, akampa ule mpira aubinye.

"Nilikupotosha, bosi. Chuma ni mimi, tena hapa kichwani."

"Kwa hiyo nimeze?"

"Umeze."

"Na wanaoniita Puto?"

"Waambie baba yako ndiye anayezibua vyoo vya shule. Wachague."

Binti akafikiri. "Na wewe uache sigara. Dada wa mashine alisema nazo zinakakamaza mishipa."

Akaacha, kwa manung'uniko ya miezi minne ambayo mkewe aliyaona mabaya kuliko moshi.

Mwaka ulipopita, kipimo kikarudiwa. Safari hii fundi aligoma kunyanyuka kitini hadi daktari amalize kusoma. Mpigo ulikuwa umepunguza mwendo, ukakaribiana na wa wenzake. Akatangaza tena njia nzima, watu wakimshangaa mzazi anayeringa kwamba mtoto wake amekuwa wa polepole.

Leo binti ni mama wa watu, na bado anameza dawa zake. Kila akija humkuta mzee barazani na lile sanduku. Juzi aliutoa mpira, akaubinya, haukubonyea.

"Umekakamaa, baba."

"Umri huo. Uache ulivyo."

"Na vidonge vyako vya presha, unameza?"

Mzee akakumbuka ghafla koki ya jirani inayovuja. Binti hakubishana naye. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akainua buti la kazi la baba yake, akalikung'uta.