Mkono Uliosahau Moto

Kwa miaka thelathini na moja Taratibu alipima moto kwa kiganja. Alikuwa na pipa la chuma lililolazwa ubavu juu ya miguu minne, limekatwa mlango na kutiwa bawaba, na chini yake kisanduku cha mkaa chenye tundu la kuingizia hewa. Nyama ililala juu ya wavu tangu asubuhi hadi alasiri, ikiiva kwa moshi na joto la pole. Mteja akiuliza kama bado, alijibiwa neno moja tu, "Taratibu," na jina likamganda hivyo hivyo. Hata mkewe alilitumia.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Mlangoni, usawa wa wavu, palikuwa na tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe. Alisogeza kiganja mbele yake akahesabu kimoyomoyo. Kiganja kikishindwa kwenye saba, moto uko sawa. Kikishindwa kwenye nne, aliziba hewa kidogo kwa kipande cha kigae. Kikifika kumi bila taabu, alikiondoa kigae na kuuacha mkaa upumue.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi wa redio, na watu walimwita Bi Waya. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, chenye dirisha lisilozidi sinia kwa upana. Mchana jua liliingia kupitia hapo kama utepe, likatembea polepole juu ya meza yenye alama za kuungua, likapanda rafu za redio zilizofungwa vikaratasi, kisha likatoka. Kila mara aliacha redio moja ikiwa haijakamata kituo chochote, ikivuma tu. Wateja walidhani amesahau kuizima. Kumbe mvumo ule ndio uliomtuliza. Alisema ni kama kukaa karibu na mtu anayepumua.

Mchana mmoja alipita kwa kaka yake kumjulia hali. Taratibu alikuwa amesimama mbele ya pipa, mkono kwenye tundu, akamgeuzia uso wa furaha.

"Karibu, mdogo wangu. Goti linasemaje?"

"Linasema tuketi, kaka. Mimi ndiye ninayelikatalia."

Wakacheka. Moshi ulipanda mwembamba, wa buluu, ukajikunja juu ya vichwa vyao. Bi Waya akajikuta anahesabu kimoyomoyo, kama alivyozoea kuhesabu pamoja naye tangu zamani. Saba. Tisa. Kaka bado anazungumza, anauliza habari za majirani. Kumi na nne. Labda moto umelala leo. Ishirini na mbili. Ndipo alipoona kwamba kidole cha mwisho kimeegemea chuma cha mlango, na kwamba harufu inayomfikia si ya nyama iliyo ndani.

"Kaka! Mkono!"

"Mkono una nini?"

Bi Waya akauvuta mwenyewe. Ngozi ya kidole ilikuwa imekuwa nyeupe na kututumka. Taratibu akakitazama kidole chake kama anayeonyeshwa kitu kilichookotwa njiani.

"Sijasikia kitu," alisema. Kisha akarudia, sauti ikiwa chini zaidi. "Mbona sijasikia kitu?"

Huko zahanati, muuguzi alimgusa vidole kwa kipande cha barafu, halafu kwa kijiko cha moto, huku amemfunika macho. Taratibu akashindwa kutofautisha. Muuguzi akaeleza kwamba ugonjwa wa sukari umeua mishipa ya fahamu kidogo kidogo, kuanzia nchani, kwa miaka mingi bila yeye kujua. Dawa alizokuwa akizimeza nusunusu azimeze zote. Lakini mikono asiiamini tena.

"Sasa nimwamini nani?" Taratibu aliuliza. Muuguzi alidhani ni mzaha.

Wiki tatu pipa likakaa bila moto. Asubuhi alilifuta vumbi, akafungua mlango, akachungulia, akaufunga. Kisha alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, viganja vikitazama juu. Mkewe alimweleza Bi Waya: "Wifi, miaka yote nilisema nimeolewa pamoja na pipa. Sasa pipa limefiwa, nami sina la kumwambia mfiwa."

Bi Waya alirudi chumbani kwake akakaa bila kugusa kazi ya mtu. Redio ilivuma. Utepe wa jua ulifika mezani, ukaangukia feni ndogo aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, yenye mabawa saba meusi. Aliisukuma kwa kidole. Ikazunguka, ikasimama. Akaisukuma tena. Alisema baadaye kwamba hakuwaza neno lolote. Aliona tu mkaa, akaona hewa ikiuendea na kuuacha, ikiuendea na kuuacha, naye alikuwa kama amesinzia macho wazi. Jua lilipotoka dirishani, tayari alikuwa amechora kwenye bahasha kile atakachokitengeneza.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukieleza. Waya mrefu wenye kichwa cha chuma, unaohisi joto, unaingizwa ndani ya pipa. Waya huo unapeleka habari kwenye kisanduku chenye kioo kidogo cha namba. Wewe unakiambia kisanduku namba unayoitaka. Joto likipungua, kisanduku kinawasha feni, feni inapuliza hewa kwenye mkaa kupitia bomba la chuma, mkaa unachangamka. Joto likitosha, feni inanyamaza. Bi Waya alikusanya vipande kutoka maiti za mashine alizokuwa nazo rafuni, akatafuta vichache alivyokosa, na kwa siku tisa chumba kilinuka risasi ya kulehemu. Kisanduku alikitengeneza kutokana na kopo la plastiki la kuhifadhia chakula. Feni aliiweka mbali na moto, mwishoni mwa bomba lenye urefu wa mkono, isije ikayeyuka.

Taratibu alikitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mtoto mchanga wa jirani asiyependeza.

"Hiki ndicho kitapika?"

"Utapika wewe, kaka. Hiki kitakusikilizia joto tu."

"Umeniletea mke mwenza," mkewe alidakia kutoka mlangoni, "tena mwenye kopo!"

Jaribio la kwanza lilikuwa balaa. Walitia mkaa, wakaweka nyama, Bi Waya akalaza kichwa cha waya katikati ya wavu. Namba zikapanda kidogo, kisha zikagoma kukimbia. Feni ikapuliza. Ikapuliza tu, haichoki. Kaka na dada wakakaa benchini wakiitazama namba ikijivuta, moja, moja, na kwa kuwa namba ilikuwa ndogo walikuwa na amani. Ni mke wa Taratibu aliyepita na ndoo na kusema, "Hivi pipa linatakiwa kuwa jekundu chini?"

Walipofungua, upande wa chini wa nyama ulikuwa mkaa mwingine. Bi Waya aliona kosa papo hapo: kichwa cha waya kilikuwa kimeegemea mnofu. Mnofu ulikuwa bado baridi, nacho kisanduku kikaamini kwamba pipa zima ni baridi, kikapuliza kama mwendawazimu.

Taratibu hakugomba. Hilo ndilo lililomuuma zaidi dada yake. Aliitoa ile nyama kipande kipande, akaifunga, akasema, "Kimegusa kitu na hakikujua ni nini. Hatuna tofauti, mimi na hicho kikopo." Akaingia ndani.

Siku mbili Bi Waya hakwenda. Ya tatu alikwenda mapema, akiwa ameutengenezea waya kishikizo cha kuuning'iniza hewani, mbali na nyama na mbali na ukuta wa pipa. Alikuwa pia amekifunza kisanduku ustaarabu: joto likikaribia namba, feni isipulize moja kwa moja, ipige pumzi fupi, isubiri, ipige tena. Lakini alikuwa na shida moja ambayo hakuna chuma kingeitatua.

"Kaka, sijui niandike namba gani."

"Namba ya nini?"

"Ya saba yako. Ile saba ya kiganja, ni nyuzi ngapi?"

Taratibu akafikiri. "Sijawahi kuulizwa. Ni saba tu."

"Basi tuitafute. Mkono wangu bado unasikia. Wewe hesabu, kwa mwendo wako ule ule, mimi nitaweka kiganja."

Akasita. Akakitazama kidole chake chenye kovu, akatazama mkono wa dada yake, mdogo, wenye madoa ya risasi ya kulehemu. "Hapana. Utaungua."

"Nikiungua nitapiga kelele. Ndiyo faida yangu kwako."

Wakawasha. Asubuhi ilikuwa tulivu, ya mawingu mepesi, moshi ukitoka kwenye pipa bila haraka na kuutanda ua wote, hata kamba za nguo zilionekana kama zinaelea. Bi Waya alisogeza kiganja kwenye tundu, akafumba macho. Taratibu akasimama nyuma yake akaanza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa watu, sauti ya kuzungumza na moto.

"Moja... mbili... tatu..."

Kwenye nne Bi Waya aliruka. "Moto sana!"

Taratibu akaziba hewa. Wakangoja, wakarudia. Safari hii akafika kumi na moja, kiganja kikiwa na raha kabisa. Kigae kikaondolewa. Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, na Bi Waya anasema kwamba baada ya muda hakujua tena kama yuko uani au wapi. Kulikuwa na giza jekundu nyuma ya kope zake na sauti ya kaka yake ikitembea ndani yake, tano, sita, na joto likimjia kiganjani kama mtu anayemsogelea kumwambia siri. Aliona kwamba kuna joto linalochoma na kuna joto linalosukuma. Alielewa kwa nini mtu angesimama mbele ya pipa maisha yake yote.

"...saba."

Mkono ukajirudisha wenyewe, bila hofu. "Hapo," alisema.

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, kaka."

Wakainama pamoja kwenye kioo. Mia moja na kumi na mbili. Walijaribu tena mara tatu: mia moja na kumi na moja, mia moja na kumi na tatu, mia moja na kumi na mbili. Taratibu alipitisha kucha juu ya namba ile kama anafuta vumbi.

"Kumbe mkono wangu ulikuwa na namba," alisema, "na miaka yote haukuniambia." Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alidai ni moshi.

Wakaweka nyama. Feni ikavuta pumzi, ikanyamaza, ikavuta, ikanyamaza. Namba ilipanda hadi mia na kumi na tano, ikashuka mia na kumi, kisha ikatulia ikicheza hapo katikati. Taratibu alisimama mbele ya pipa. Baada ya nusu saa, akakaa ukingoni mwa benchi. Baada ya nusu saa nyingine aliegemea ukuta. Bi Waya alikuwa anakunja nyaya zilizobaki, na alipogeuka alikuta kaka yake amelala, mdomo wazi, mchana kweupe, pipa likiwa na moto. Mkewe alitoka jikoni akasimama ghafla. Wanawake wale wawili wakatazamana, hakuna aliyethubutu kuvuta kiti.

Alilala saa mbili. Alishtuka akiruka, akakimbilia kwenye pipa kiatu kimoja mguuni.

"Mmeniacha nilale! Moto—"

"Soma," Bi Waya alimwambia.

Akasoma. Mia moja na kumi na mbili. Akakaa chini palepale, kwenye udongo, akihema.

"Nimeota nina mikono mingi," alisema. "Kila mmoja umeshika kitu. Mmoja umeshika maji, mmoja umeshika shati la mama. Nilikuwa nasikia vyote."

Mkewe alimletea kiatu cha pili.

Haikuwa kwamba baada ya hapo alikipenda kifaa. Alikinung'unikia kila asubuhi. Mara mbili alikichomoa kwa hasira, akidai kinapuliza ovyo, na mara moja ya hizo alikuwa na haki, maana buibui alikuwa ametanda utando ndani ya bomba. Lakini wateja walirudi, na mmoja alipomuuliza ni nini kile chenye kopo, Taratibu alijibu, "Ni mkono. Ametengeneza dada yangu."

Wiki ya tano au ya sita, alasiri, Bi Waya alikuja kubadilisha swichi iliyolegea. Alimkuta kaka yake amevaa shati safi, na wifi yake amejifunga kitambaa kipya kichwani, anamwangalia mumewe kwa wasiwasi kama bibi harusi.

"Tunakwenda mpaka darajani," wifi alisema. "Kutembea tu. Tangu anioe, jua halijawahi kutuona barabarani siku ya kazi."

"Nyama bado saa moja na nusu," Taratibu alimwambia dada yake. "Namba isizidi mia na kumi na tano. Na ule upande wa kushoto—"

"Nenda, kaka."

Wakatoka. Bi Waya alibaki mlangoni mwa ua akiwatazama wakishuka barabara, wakiwa hawajazoea kutembea sambamba, mabega yakigongana. Taratibu aligeuka nyuma mara moja. Akageuka mara ya pili. Kisha mkewe akaushika ule mkono usiosikia, akaupitisha ndani ya mkono wake, wakaendelea mbele bila kugeuka tena.