Spana Zilizonyamaza

Hermilo Barrientos aliirithi mashine ya kugonga sarafu kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda cha sarafu cha taifa, huko Mexico, kabla mambo hayajakabidhiwa wenye vyeti na suti: ukistaafu, nafasi yako anaichukua mwanao. Na siku ya kuondoka, wenzako wanagonga vyuma kwa spana, kuanzia kwenye mashine yako mpaka getini, mtaa mzima ujue kwamba pametoka mtu.

Mkurugenzi mpya akaja na mageuzi yake. Kurithishana kazi, marufuku. Wafanyakazi wakaapa kwamba hakuna atakayetia saini kuyakubali, hata ikibidi kugoma. Basi akawatupia chambo: atakayekubali kustaafu kabla ya Ijumaa, mwanawe ataingia. Baada ya hapo, basi tena.

Hermilo alikuwa na Otilia, binti aliyetelekezwa na mumewe, akiuza tamale, maandazi ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa majani, kituo cha basi, mvua yake, jua lake.

"Usithubutu," Hermilo aliambiwa na Crescencio, au Chencho kwa wenzake, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ambaye ndiye aliyemsimamia Otilia kwenye ubatizo. "Ukisaini wewe, wote watakimbilia huko."

"Wanao wote wameshaingia, Chencho. Ushujaa wa aliyeshiba huo."

"Haya, nenda! Na siku ukipata mjukuu, kamwombe mkurugenzi wako amsimamie ubatizo."

Alisaini Alhamisi. Wengine wakafuata, na mgomo ukafa kabla ya kuzaliwa.

Siku yake ilipofika, alimfunga Otilia aproni ya ngozi mbele ya mashine, kama yeye alivyofungwa na baba yake. Hakuna aliyeinua macho.

"Baba, hawa watanisemesha kweli?"

"Watazoea."

"Na wewe je, utazoea?"

Akamkaza fundo la aproni. Akashika njia ya getini. Spana walikuwa nazo mikononi, aliziona. Alipofika kwa Chencho alikokota miguu makusudi, ampe nafasi. Chencho alikuwa akijifuta grisi kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Getini Hermilo alisimama. Nyuma yake mashine ikaanza kugonga, kwanza kwa kusitasita, kisha sawasawa. Otilia alikuwa ameanza kazi.

"Mzee, umesahau kitu?" mlinzi akauliza.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Si mashine tu hiyo?"

Hermilo akavaa kofia yake, akatoka.